Kiti cha Mzungu

Kiti chenyewe kilikuwa cha Édouard, rais wa kambi yetu. Kilikuwa cha mbao na mkono mmoja tu, kwa sababu mkono wa pili uliingia motoni msimu wa mvua kuni zilipokosekana. Asubuhi ile Édouard alikipangusa kwa shati lake kuukuu, akakiwekea mto, akakifunika kitenge cha mkewe, halafu akarudi nyuma kukitazama kama aliyejenga kanisa. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nilimwona, nikaendelea na maharage yangu.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba siku hiyo watu wa operesheni watapanda hapa kwetu Lushebere kutoka Goma. Watatazama watoto wenye midomo iliyopasuka, miguu iliyopinda na makovu ya moto, kisha wawachukue wakapasuliwe bure. Jeep ni moja. Kwa hiyo hawataenda wote, na hilo kila mama alilielewa bila kuelezwa.

Jirani yangu Bibiche alikuwa na Astrid. Kibanda chake na changu vinatenganishwa na plastiki moja, akikohoa, naamka. Mwaka jana Astrid alivuta sufuria ya maharage iliyokuwa inachemka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, yakammwagikia shingoni na begani. Alipona, kama huko ni kupona. Ngozi ilijikunja, ikakaza, ikavuta kidevu mpaka kikashikana na bega la kushoto. Hawezi kutazama juu. Mdomo haufungi vizuri, uji unamtoka. Muuguzi wa kituo cha afya alisema kisu kinaweza kumfungua, lakini kisu hicho kiko Goma, na mtoto akiendelea kukua hivyo hivyo, mfupa nao utaifuata ngozi. Bibiche hakuwa anaomba kitu kingine duniani. Alitaka nafasi ndani ya jeep ile.

Sasa niseme habari ya rangi, maana bila hiyo mtamwona Bibiche mjinga, na si mjinga.

Bibiche ni mtu wa Buleusa, huko Walikale, kwenye misitu. Ni mweusi wa kung'aa. Aliolewa na Jean-Bosco, mtu wa milima hii ya Masisi, ambaye siku hizi yuko machimboni na hatuna habari zake. Mama mkwe, Mama Adelaïde, hakuimeza rangi ile hata siku moja. Siku ya kwanza tu alimwita Makala, ndivyo tunavyoita makaa, na Bibiche akaitika. Aliniambia mwenyewe, tukichota maji: "Kwetu, weupe ni ya ile udongo batoto banajipakaa bakitairiwa, na ya batu bamekufa. Nani anaitafuta?" Akacheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Astrid alipozaliwa alichukua upande wa baba. Alikuwa mwekundu, ndivyo tunavyowaita hapa watu wenye ngozi nyepesi. Mama Adelaïde alimfunga mgongoni akazunguka naye kilima kizima akitangaza. Mtoto huyu ataolewa na mtu wa ofisi! Mtoto huyu hatashika jembe! Halafu yakaja maharage. Siku ile ya kuungua nilifika wa kwanza, na nilimsikia bibi yule kwa masikio yangu akipiga kelele, "Rangi yake! Rangi yake!" Shingo hakuitaja.

Simcheki. Dada yangu mwenyewe alijipaka mafuta ya kujichubua mpaka akawa hawezi kukaa juani, na aliyapaka kwa sababu alikuwa na macho. Nenda ofisi yoyote pale Masisi-centre, simama mlangoni, utazame nani anaambiwa "karibu dada" na nani anaambiwa "we mama, ngoja nje". Mimi nimengoja nje maisha yangu yote. Zamani iliniuma. Tangu tukimbie vita, hainiumi tena, hakuna kinachoniuma. Moyo umekufa ganzi, nao nauacha hivyo hivyo.

Asubuhi ile Mama Adelaïde alimkalisha mtoto juu ya mawe ya jiko akampaka poda usoni, upande ule usiovutwa na kovu, ili rangi ionekane vizuri.

"Unisikie, Makala," alisema. "Usimuoneshe mweusi yeyote. Hawa beusi banaokuya na bazungu njo benye kuharibu. Utamuonesha mutoto, yeye ataweka wa dada yake mbele. Uende moja kwa moja kwa muzungu. Akiona mutoto iko mwekundu, roho itamuuma."

"Ndiyo, mama," Bibiche alisema.

Na ushauri huo haukuwa wa kipumbavu. Plastiki za kuezekea tulizopewa kabla ya hizi ziligawiwa na watu weusi kama sisi, na kila aliyepewa alilazimika kurudisha kitu kwa mlango wa nyuma. Tunaita opération retour. Hata watoto wanaicheza, mmoja anagawa vijiti na mwingine anamrudishia nusu. Mzungu wao siku ile hakuwa na habari, alikuwa anapiga picha za milima. Basi vichwani mwetu ikabaki hivi: mweusi wa katikati anakula, mzungu wa juu anatoa.

Jeep ilifika jua limeshakuwa kali. Dereva alibaki ndani. Waliteremka wawili. Wa kwanza kijana wa kizungu, masikio yamekuwa mekundu kwa jua, kamera kifuani. Wa pili mwanamke, mweusi kumpita hata Bibiche, nywele zimekatwa fupi, gauni la kawaida, viatu vya raba, mfuko begani.

Édouard alimrukia kijana kwa mikono miwili, akimkaribisha kama daktari. "Soyez le bienvenu, Docteur!" Akamvuta mpaka kwenye kiti. Kijana alikataa, akasema maneno, akawa anamwonyeshea kidole yule mwanamke. Édouard akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

"Bazungu ya siku hizi banajua heshima," alitutangazia. "Anaomba mutumishi wake naye akae." Akaagiza benchi letu la jikoni lipelekwe.

Mwanamke yule alilitazama benchi. Hakukaa. Alitabasamu kidogo, akamwambia kijana neno, na kijana akakaa kwenye kiti cha Édouard akapewa Fanta. Kambi nzima ikamzunguka. Watu walipandana mabegani kumwona akinywa.

Mwanamke akaja upande wetu, kwenye moshi. Alichuchumaa kati ya watoto waliokuwa wanacheza mavumbini, akaanza kucheza nao. Aliwafanya wapulize hewa, wanyanyue mikono, waruke kwa mguu mmoja. Wengine aliwafunga kipande cha plastiki ya bluu mkononi. Tulidhani ni zawadi ya watoto. Nilijisemea kwamba huyu anajua kungoja bosi wake bila kuchoka.

Kisha akamfikia Bibiche, ambaye alikuwa amesimama na Astrid akitafuta pa kupenya kwenda kwenye kiti. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa shingoni.

"Habari, mama," mwanamke alisema, kwa Kiswahili cha kujifunza. "Mtoto ana nini shingoni?"

Bibiche alikivuta kitambaa juu zaidi. "Hana kitu."

"Ninaweza kuona?"

"Ni baridi tu. Iko na mafua."

"Jina lako nani?" alimuuliza mtoto mwenyewe, akiinama ili waonane macho.

Astrid alifungua mdomo. "Nyamaza," Mama Adelaïde alisema nyuma yao.

Mwanamke alinyoosha mkono, taratibu, na Bibiche akamgeuza mtoto amwelekee yeye, uso tumboni. Wakatazamana hivyo. Ilikuwa kazi rahisi, kwa kweli, kusema neno moja pale. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao na sikulisema, kwa sababu sikulijua. Hata mimi nilimchukulia kuwa mtu wa kubeba mfuko.

"Sawa, mama," mwanamke alisema. Mtoto wa mtu hanyang'anywi mikononi mwa mama yake. Akaenda kwa Françoise, mgeni aliyetoka Walikale juma lile lile na ambaye hakuna aliyekuwa amempa habari za kambi. Françoise hakungoja aulizwe. Alimfunua mwanawe mdomo uliopasuka akaeleza yote, na plastiki ya bluu ikafungwa.

Bibiche alipata njia. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamfunua Astrid mpaka begani. Kijana alipoona, akaiweka Fanta chini. Macho yake yalijaa machozi, sitii chumvi. Aliushika mkono wa mtoto, akaweka wake mwingine kifuani, kisha akaomba kwa ishara, akampiga picha, na nyingine, na nyingine.

"Ameona!" Mama Adelaïde alininong'oneza huku akinifinya. "Ameona mutoto iko kama yeye!"

Bibiche alirudi akakaa karibu nami kwenye mawe. Alichukua maharage kwenye ungo wangu akaanza kunisaidia, na uso wake ulikuwa wa msichana. Niliona furaha yake vizuri. Sikuhisi chochote, lakini niliiona.

Mwanamke alisimama karibu na jeep akapiga makofi. Akaita kwa sauti iliyozoea kuita: watoto wote wenye plastiki ya bluu, na mama zao. Kijana wa kizungu aliruka kutoka kwenye kiti, akakimbia, akamfungulia mwanamke yule mlango, akampokea mfuko.

Édouard alibaki amesimama na shati lake la kupangusia mkononi, mdomo wazi.

Bibiche aliutazama mkono wa Astrid, ule wa kulia, kisha ule wa kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Akaenda kwa kijana akamfunulia tena mtoto. Kijana alimwonyesha mwanamke kwa mikono yote miwili. "Docteur. Elle," alisema. Akaigusa kamera yake. "Moi, photos."

Basi Bibiche akaenda kwa daktari. Tulimfuata sote, hakuna aliyeona haya kusikiliza. Daktari aliweka vidole viwili chini ya kidevu cha Astrid, akakinyanyua polepole mpaka ngozi ilipokataa. Akaipapasa ile ngozi iliyokaza kwa muda mrefu.

"Mama, nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Kwa nini ulinificha?"

Bibiche hakutafuta uongo. "Nilikuona mweusi, mama."

Daktari hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema anaitwa Achta na ni mtu wa Tchad, na kwamba hata kwao, akiingia wodini na muuguzi mwenye rangi nyepesi, wagonjwa humsalimu muuguzi kwanza, na mama yake mzazi amewahi kufanya hivyo mbele ya watu. Anapokuja kambini huwaacha wamzunguke mzungu. Watoto wakiachwa peke yao hucheza, akasema, na wakicheza anaona haraka nani anaumwa wapi. Siku nyingi njia hiyo humsaidia.

"Mubebe, nakuomba kwa magoti," Bibiche alisema. "Mimi nitabaki. Mubebe yeye tu."

Daktari alitazama ndani ya jeep. Sisi pia tulitazama. Watoto walikuwa wamebanana, mama zao wamewapakata, na Françoise alikuwa mlangoni kabisa, anatazama miguu yake. Kila mtoto anayeingia amekwishapangiwa kitanda na siku yake ya kisu, daktari alisema; hakuna kitanda kilichobaki. Atarudi mwezi ujao. Astrid atakuwa wa kwanza, kabla ya wote.

"Ukisikia nimefika, usingoje kuitwa," alisema.

Jeep ikashuka. Mama Adelaïde alikaa chini palepale barabarani, ameshika tama. Hamwiti tena Bibiche Makala. Hamwiti kwa jina lolote.

Mwezi uliofuata barabara ya Sake, ile ya kwenda Goma, ilifungwa kwa vita, na mpaka leo haijafunguka vizuri. Wengine wanasema wale wa operesheni wamerudi makwao, wengine wanasema wako Goma lakini hawaruhusiwi kupanda. Mtoto wa Françoise naye amebaki huko na mama yake. Tumesikia ameshonwa vizuri na anapiga mluzi. Niliposikia nilisema "Mungu asifiwe" kwa sababu ndivyo husemwa.

Astrid amerefuka. Bega lake linakifuata kidevu.

Wazungu wamepita hapa mara kadhaa tangu hapo. Bibiche hata hatoki nje kuwaona. Lakini akipita mwanamke mweusi mwenye mfuko, yeyote yule, anamshika Astrid mkono na kwenda kusimama mbele yake. Amemwendea sista wa parokia. Amemwendea mwalimu aliyekuja kuhesabu wanafunzi. Amemwendea mama mmoja aliyekuwa anapita tu, naye anakimbia vita.

Juzi alikuja mwanamke tusiyemjua, mweusi sana, mfuko begani. Safari hii Bibiche hakuwahi kumshika Astrid mkono. Mtoto alimtangulia. Alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya yule mwanamke, akajifungua shati mpaka begani, akanyanyua kidevu pale ngozi inapomruhusu, akangoja.

Mwanamke alisema pole. Kisha akafungua mfuko, akatuuliza kama tunataka kununua sabuni, na sisi tukasema hapana.