Maji Yaliyolala

Konokono sitini wa mferejini, glasi sitini za maji, na hakuna hata mmoja aliyetoa kitu. Niliandika "safi", nikatia sahihi, na wifi yangu akanikumbatia mbele ya mkuu wa maabara. Yeye na wenzake walikuwa wamesubiri miezi miwili mfereji ufunguliwe wamwagilie mboga.

Siku ya tatu tangu mfereji ufunguliwe, nikiosha glasi zilezile, pua yangu ikanisuta. Bomba lilikuwa linanuka dawa ya kusafishia maji. Sisi maji ya bomba hatuyatumii hivihivi. Tunayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha dawa imalizike, ndiyo tunayaita maji yaliyolala. Siku ile ya kupima ndoo ilikuwa tupu, nami nilikuwa na haraka ya kumfurahisha wifi, nikafungua bomba. Konokono akionja dawa hujifungia ndani ya gamba, na vijidudu vya kichocho anavyofuga havitoki. Haraka haraka haina baraka, nimeimba hivyo tangu shule ya msingi.

Sikumwambia mtu. Nilivaa buti na glavu, nikaokota mferejini konokono sitini wengine, nikawaweka kwenye maji yaliyolala dirishani, jua la mchana likiwapiga. Saa saba nikachungulia kwenye hadubini.

Wifi alinikuta hapohapo, amenibebea fungu la mboga.

"Mbona umenuna, wifi? Kaka yangu kakuudhi tena?"

"Njoo uone."

Akainama. "Vina mikia ya panda. Vinacheza! Ni nini hivi?"

"Kichocho. Vinapenya ngozi ya mguu kwa dakika chache tu. Baadaye mtu anakojoa damu."

Aliinua kichwa polepole. "Sisi tuliingia mferejini juzi. Maji hadi magotini, wote kumi na mmoja. Karatasi yako tumeibandika kwenye geti la mfereji."

"Nimekosea mimi," nikasema. "Si bomba, si mkuu. Mimi."

Nilitaka anitukane. Mawifi tunataniana kila siku, lakini siku hiyo tusi lingenipunguzia uzito. Hakunipa.

"Dawa ipo?"

"Ipo, ila minyoo ikiwa michanga haiimalizi. Baada ya wiki sita nawapima wote, mmoja mmoja, kwa mkono wangu."

"Na mkuu akikufukuza?"

"Namwambia leo hii. Akinifukuza, nitawapimia barazani kwangu. Siwaachi."

Mkuu alifoka mpaka miwani ikamwanguka, kisha akanipa ubao, nyundo na misumari.

Getini nilibandua karatasi yenye sahihi yangu. Wifi akashika ubao wa MFEREJI UMEFUNGWA, nami nikapigilia.

"Gonga kwa nguvu," akasema. "Usije ukang'oka."

Nikagonga. Hakugeuka kuangalia bustani nyuma yetu, ambako mboga zake, kwa maji ya siku tatu tu, zilikuwa zimeanza kuchipua.