Mvumo Usiokatika

Tangu Jumatatu fundi Sikio hakukaa kitako. Anaketi mbele ya meza yake ya kazi, anainuka, anazunguka chumba, anarudi na kuinamia mashine tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando juu. Chakula alichowekewa na mkewe alikiangalia tu, akakipa kisogo.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ni amplifaya ndogo ya zamani, ya zile zinazofanya kazi kwa taa za kioo, inayokaa kati ya gramafoni na amplifaya kubwa ili kuitia sauti nguvu kabla haijafika mbele. Taa tano, transfoma moja, na kasha la bati lililochubuka rangi. Ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe wake, na sasa ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye aliileta ameiviringisha kwenye taulo.

"Inavuma kama mzinga wa nyuki, halafu inachemka," shemeji alisema. "Ukiiacha nusu saa, unaweza kubandika birika juu yake. Jumamosi mchana naja kuichukua, Sikio. Ikikushinda sema mapema, nitafute fundi anayesikia."

Utani wa mashemeji huo, hauna kesi. Lakini safari hii ulimchoma.

Jina la Sikio alipewa na huyohuyo baba mkwe, tena kwa mashine hiihii. Miaka thelathini iliyopita aliitwa kuitengeneza, na kabla hata hajatua mkoba mlangoni akasema, "Taa ya pili imechoka." Ikafunguliwa, ikawa kweli. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi: "Huyu si mtu, huyu ni sikio." Jina likamganda, likapanda kwenye kibao cha nje, na mwisho likampatia mke. Tangu hapo hakuna chombo kilichotoka mikononi mwake bila yeye kuinamia spika, kufumba macho na kutamka, "Imepona." Mita ya kupimia umeme hakutumia. Joto alilipima kwa kiganja: anakiweka juu ya transfoma na kuhesabu, na akifika kumi bila kuuondoa mkono, basi ni nzima. Mita aliyozawadiwa na shemeji ilikuwa bado imo ndani ya boksi lake, kwenye droo.

Jumatatu ile kiganja kilishindwa kwenye tatu. Akatega sikio, akamwambia mkewe, "Kapasita kubwa, ile inayotunza umeme, imekauka. Inavujisha umeme, ndiyo maana inavuma, na transfoma inabebeshwa mzigo usio wake." Akaibadili. Kiganja kikafika kumi, kikafika ishirini. Ila mvumo ulibaki. Haukuwa ule wa nyuki. Huu ulikuwa mwembamba, umejificha nyuma ya kila kitu, haupandi wala haushuki.

Hapo ndipo mwenzetu alipoingia kichaa cha kazi. Jumanne alisokota upya nyaya zote za kuwashia taa. Jumatano alikwangua kutu palipofungwa waya wa ardhi, akabadilisha taa hii kwa ile. Alhamisi akaongeza kapasita ya pili kando ya ile mpya, Ijumaa ya tatu. Usiku alikuwa akigeukageuka kitandani, maana alihisi mvumo umemfuata mpaka kwenye mto. Mkewe, mshonaji mwenye kona yake katika chumba hichohicho cha kazi, alijaribu kumtuliza.

"Mume wangu, mimi mbona sisikii kitu?"

"Wewe sikiliza cherehani yako," alijibiwa. Akarudi kwenye cherehani, maana mumewe akishapandwa na kazi haambiliki.

Jumamosi asubuhi taa ya kugeuza umeme, ile inayozilisha zote, ilikuwa nyekundu kwa ndani kama kaa la moto. Kiganja kikashindwa kwenye nne. Mashine ilikuwa inachemka tena kama siku iliyoletwa, na sasa mchawi alikuwa yeye mwenyewe. Hata anayeanza ufundi leo anajua kwamba ukizidisha kapasita, unaiua taa inayozijaza. Yeye alijua, na bado alifanya, kwa sababu mvumo haukumpa nafasi ya kufikiri. Na shemeji alikuwa njiani.

Alienda kwenye kabati kutafuta kapasita ya nne. Nyuma yake mkewe alikuwa na gauni la mteja la kupiga pasi, na soketi ilikuwa moja tu chumba kizima.

"Unasikia?" Sikio alisema bila kugeuka, mikono imo kabatini. "Bado inavuma."

Mkewe aliuliza, "Inavuma sasa hivi?"

"Sasa hivi. Vilevile kama tangu Jumatatu."

"Hebu geuka."

Akageuka. Mkewe alikuwa ameshika plagi ya mashine mkononi, waya unaning'inia. Taa zote zilikuwa zimezimika, hata ile nyekundu.

Sikio aliutazama waya kutoka plagi mpaka kwenye kasha, kisha akaurudia. Mvumo uliendelea. Akaziba masikio kwa vidole viwili, nao ukazidi. Akaogopa. Aliogopa kuliko siku yoyote aliyopigwa na umeme, maana kama sikio limekwenda, kwenye kibao cha nje pamebaki nini?

"Wanasema lisemwalo lipo," mkewe alisema polepole. "Hilo unalolisikia wewe halipo."

"Mdogo wako asijue."

Mkewe alivuta droo, akatoa boksi la mita na kuliweka mezani mbele yake, kisha akachomeka pasi.

Pasi ilipochomolewa, Sikio alikwishazing'oa kapasita mbili alizoziongeza na kuweka taa nyingine mahali pa ile aliyoiunguza. Aliifungua mita kwa kuibia, kama mtu anayesoma barua isiyo yake, akaiunganisha na mashine kuupima mvumo. Namba zilicheza, zikashuka, zikatulia karibu kabisa na sifuri. Kiganja kikafika ishirini. Mashine ilikuwa nzima tangu Jumatatu jioni, na siku zote hizo alikuwa akigombana na kichwa chake mwenyewe. Mganga hajigangi, lakini angalau hujua kwamba anaumwa.

Shemeji alifika na taulo lake begani. Waliiwasha bila santuri, wakafungulia sauti mpaka mwisho. Shemeji akasogeza uso kwenye spika, akakaa hivyo kitambo, akainuka anatabasamu.

"Kimya kabisa. Baba angeliona hili." Akampigapiga shemeji yake mgongoni. "Haya, Sikio, neno la mwisho ni lako. Imepona?"

Kule kwenye kona mkasi ulisimama. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, tena la kweli. Mita imelithibitisha, na nani angejua? Sikio akainama, akafumba macho kama ilivyo ada yake. Mvumo ulikuwepo, mwembamba, palepale.

"Muulize dada yako," akasema.

Shemeji akacheka. "Dada? Tangu lini fundi cherehani akapima amplifaya?" Akamtazama huyu, akamtazama yule, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Mkewe aliuweka mkasi chini, akaja. Aliinama mbele ya spika kando ya mumewe, bega kwa bega, akafumba macho vilevile kama alivyomwona akifanya miaka thelathini. Alisikiliza muda mrefu, mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Imepona," akasema.