Saruji ya Mjomba Gervas

Paskalia alipofika kijijini kwao, juu mlimani, akakuta madumu yamelazwa na tangi jipya la maji, la saruji, limeachwa lichomwe na jua, damu ilimchemka. Lipu ilikuwa ya juzi tu. Wanawake walikuwa wakipanda kutoka mtoni na maji vichwani kulimwagilia, na sasa walikuwa wameambiwa waache.

"Nani kasema?"

"Mjomba wako," mama yake alijibu. "Jumapili Padri anakuja kulibariki. Anataka likauke."

Kiangazi kilichopita kiliunguza mboga zote za mama. Mwaka huu alikuwa ameotesha miche ya kabichi mteremkoni, chini ya tangi hilo hilo, akilitegemea. Lakini kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na neno la mjomba halipingwi. Paskalia, mwalimu wa kemia kule mjini, Kihonda, akameza hasira, akaenda kupiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umetuletea somo?"

"Saruji haikauki kama nguo, mjomba. Inaungana na maji, ndani yake zinaota fuwele ndogo kama sindano, zinasokotana, zinaushika mchanga. Ugumu wake ndio huo. Ukiinyima maji sasa, fuwele zinakoma kuota, unabaki na mchanga wa kijivu. Tuimwagilie wiki nzima. Padri akilibariki likiwa bichi, kuna ubaya gani?"

"Padri abariki tope? Mimi niliyekubeba mgongoni, leo unifundishe ugumu?"

Ugumu anao, Paskalia aliwaza akiondoka, tena wote umemjaa kichwani. Aliukwaruza ukuta kwa ukucha. Unga ukamwagika. Alitamani kupiga yowe kijiji kizima kisikie, lakini nani angemsikiliza mpwa mbele ya mjomba?

Jumapili, kwaya ikiimba, Mjomba Gervas alifungulia kwa mara ya kwanza bomba la kulijaza tangi kutoka chemchemini. Maji yalipofika nusu, ukuta ulitoa jasho, ukapasuka ufa, kisha ukaachia. Maji yaliporomoka mteremkoni, yakazoa kitalu chote cha kabichi hadi korongoni.

"Padri, nyunyiza maji ya baraka!" mjomba alipiga kelele.

Padri alinyunyiza.

Mama yake Paskalia hakuwahi hata siku moja kumpandishia kaka yake sauti. Alisimama katikati ya tope, mche mmoja mkononi.

"Gervas! Leo ndiyo unalimwagilia?"