Mbegu Zilizokatwa Pingili

Mwanaharusi alitoka eda mwaka uliopita, lakini ulitoka mwili tu. Aliamka, akaswali, akafagia ua uliokwisha kufagiwa, kisha akakaa barazani akitazama mahali pasipo na kitu. Hakulia. Watu walidhani amepoa. Mwenyewe alijiona kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unajua kuwa ni wako, ukiugusa haukujibu.

Marehemu mumewe, Kibwana, ujanani alikuwa mkata boriti za mikoko, kama wanaume wengi wa visiwa vile. Uzeeni akaanza kuipanda. Aliona jinsi maji ya chumvi yanavyolila tuta la mashamba ya mpunga, upande ule uliobaki uchi baada ya miti kwisha, akaita wanawake na wanaume, wakawa kikundi. Kila masika walipanda kipande. Nusu ya ufukwe ule sasa ilikuwa msitu mchanga, na kamba walikuwa wamerudi kuzaliana humo. Nusu ya pili ilikuwa tope tupu, na hapo ndipo bahari ilipopenya lilipokuja bamvua, yale maji makuu ya mwezi. Mpunga wa mashamba ya mwisho ulikwisha kuungua ncha. Kila mtu kijijini alijua kwamba masika hii ikipita bila kupandwa, tuta litakatika, na mashamba yatabaki kuwa ya kaa.

Kikundi hakikufa. Kilikuwa kikimngoja yeye. Kwao, kazi iliyoanzishwa na marehemu hufunguliwa na mtu wa nyumba yake. Akitangulia mwingine, huonekana anarithi kisichokuwa chake. Basi wao wakangoja kwa heshima, naye akaahirisha kwa upole. Mbegu za mkoko zilipoanza kudondoka, alisema, "Maji mafu yakifika, inshallah." Maji mafu yakafika, bahari ikatulia, wakati ambao mbegu haisombwi. Akasema mvua ipungue kwanza. Mvua ikapungua, akasema bamvua lipite. Mbegu zikazidi kudondoka na kuchukuliwa na maji, na masika ikawa inaelekea ukingoni.

Hakuna aliyemkaripia. Jirani yake Kijakazi alimletea ndoo ya maji kila asubuhi, akaitua kizingitini na kuondoka bila hodi, asije akamlazimisha kuzungumza. Mwanaharusi aliiona ndoo ile na alijua ni ya nani. Asante alikuwa nayo, ila haikufika mdomoni.

Asubuhi moja Kijakazi alikuja bila ndoo.

"Hodi! Mwana, umo?"

"Nimo."

"Jifunge kanga tutoke. Mkweo anaichinja mikoko."

Mkwe mwenyewe alikuwa Muzdalifa, mke wa mwanawe Abdulatifu. Alizaliwa Ruaruke, kwa wakulima wa mihogo na mikorosho, na hii ndiyo masika yake ya kwanza kisiwani. Mumewe alikuwa Nyamisati kwenye shughuli zake. Muzdalifa alikuwa binti wa maneno machache, asiyeinua macho mbele ya mama mkwe.

Walimkuta katikati ya tope, kanga kaikaza kiunoni, panga mkononi. Alikuwa ameinua matuta ya tope, marefu, yamenyooka vizuri kabisa. Juu ya kila tuta alikuwa amelaza vipande vya mbegu za mkoko kimshazari, kila mbegu kaikata pingili tatu.

"Shikamoo mama," alisema, akaficha panga nyuma.

"Marahaba mwanangu. Unafanya nini?"

"Napanda."

"Mbona umezikata?"

"Fimbo ndefu namna hii kwetu ni mashina matatu, mama. Niliona israfu kuichomeka nzima."

Kijakazi alishindwa kujizuia. "Yallah! Na matuta juu! Tukishavuna tuichemshe, au tuitie nazi?"

"Usinicheke, bi Kijakazi. Mgongo wangu umekwisha."

"Sikucheki mimi. Nawacheka waliokulea kwa muhogo."

Mwanaharusi alingoja hasira ije, au kicheko. Hakikuja kitu. Aliitazama miguu ya yule binti, imechanjwa na magamba ya chaza, na mikono iliyoota malengelenge. Hakuna aliyemtuma.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Muzdalifa alilichomeka panga kwenye tope. "Ungeniambia kesho, mama. Na mimi ningekujibu, nikakukosea adabu. Nikaona mimi nami ni mtu wa nyumba ile. Bora nikosee huku kuliko kukosea kule."

Kijakazi alijitia kutazama ng'ambo ya kijito.

Mwanaharusi alivua kandambili, akaikunja kanga, akashuka. Tope lilimfika vifundoni, wala hakusikia baridi yake. Aliokota mbegu moja iliyosalimika kwenye rundo.

"Tazama. Huu si muhogo. Hii si fimbo, ni mti tayari. Umekwisha kuota ungali juu kwa mama yake. Huku penye kichwa ndiko majani yatakakotoka. Huku kwenye ncha nzito ndiko chini. Ukiukata, umeukata shingo. Na tuta hauhitaji. Unataka tope lililotulia."

Akaichomeka. Ilisimama. Akaokota nyingine. Siku zote alidhani ni lazima moyo uje kwanza ndipo mkono ufuate, akawa anaungoja. Moyo bado haukuja. Mkono ulikuwa umeinama unapanda.

"Nzima zimebaki chache," alisema. "Kule mdomoni mwa kijito zipo?"

"Zipo tele," alisema Kijakazi. "Ila maji mafu ndiyo yanaishia. Bahari ikianza kupanda tena, ndiyo basi mpaka mwakani."

"Basi waite watu."

"Niwaambieje?"

"Waambie nimefungua."

Kijakazi aligeuka akaenda mbio, kandambili moja ikabaki kwenye tope, wala hakuirudia.

Walikuja na vikapu, na madumu yaliyokatwa mdomo. Mzee Mshamu alikuja na goti lake bovu. Hakuna aliyempa Mwanaharusi pole, wala aliyemwambia afadhali umetoka. Walimwamkia kama waliyemwona jana, wakajipanga mstari, wakamwachia nafasi katikati. Wengine walikwenda kijitoni kuokota, wengine wakapokezana mbegu mkono kwa mkono.

Mzee Mshamu akayafikia yale matuta. Akasimama, akayakagua kwa fimbo yake.

"Lahaula. Nani katulimia matuta huku baharini?"

Muzdalifa aliinama mpaka uso ukakaribia tope. Kijakazi alifungua mdomo.

"Ni kaa," alisema Mwanaharusi upesi.

"Kaa? Kaa gani huyo, mwenye jembe?"

"Kaa wa siku hizi, bwana Mshamu. Wamesoma."

Mstari mzima uliangua kicheko, na Mzee Mshamu akacheka kuliko wote. Wanawake wawili walisogea wakayasawazisha matuta kwa miguu bila kuuliza neno. Muzdalifa alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika. Mwanaharusi hakucheka, kifuani mwake mlikuwa kimya kama jana. Alimpa yule binti mbegu nzima, akamgeuzia ncha ikatazama chini, akamngoja aichomeke mwenyewe. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yakaramba miguu yao. Wakasogea hatua moja juu, wakaanza mstari wa pili.