Airisi za Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, aliponiachia vyungu vyake saba vya maua ya airisi, maagizo yalikuwa mafupi. "Wifi, hivi vipande usivifunike. Migongo ibaki nje, ipigwe na jua. Maji kidogo tu, mara moja kwa wiki." Akasafiri kikazi wiki tatu.

Vipande vyenyewe vya shina vilikuwa vinene kama tangawizi, vyenye majani machache, vimelala juu ya udongo nusu uchi. Alivichimba uani kwa marehemu mama yake siku chache kabla nyumba haijauzwa na ua kumwagiwa zege. Vikishashika mizizi vyunguni, angevihamishia kwenye tuta alilokwisha kulima chini ya dirisha lake la jikoni.

Mimi nimelima mboga miaka thelathini. Nilivitazama nikacheka peke yangu: mtu wa ofisini huyu, hata kufukia hajui! Nikavifukia kina cha kidole, nikamwagilia asubuhi na jioni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia wadogo. Sisi wakubwa tusiosikia la mdogo hatukutungiwa yetu.

Alipopiga simu kwamba yuko njiani, nilikimbilia vyungu nikakwangua udongo wa juu ili migongo ionekane tena. Mmoja ulibonyea chini ya kidole changu. Nikajua nimeharibu.

Alipofika kwangu, alienda bustanini hata kabla ya kuvua viatu. Alishika jani la kwanza, likamjia mkononi. La pili hivyo hivyo. Chini palikuwa na uji mweusi unaonuka.

"Ni mimi, wifi," alisema, amechuchumaa. "Mama alikuwa ananiambia nisihamishe airisi ikiwa bado ina maua. Mimi na haraka zangu. Nimeziua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilimshika bega, nikamwambia, "Mipango ya Mungu, wifi." Nikamsingizia Mungu! Hata sasa nikikumbuka, naona aibu kujitazama kwenye kioo.

Alifukua chungu baada ya chungu. Katika cha mwisho alikuta kipande kimoja bado kigumu, hakizidi kidole gumba. Alikifuta udongo kwa upindo wa gauni lake la safari, akaninyooshea.

"Kaa nacho wewe, wifi. Mkono wangu una mkosi."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.