Mji Nilioutoa Kwenye Makumbusho ya Mikokoteni

Uvumi niliusikia kwa Bi Mkasi, muuza vitumbua: yale magari ya kukokotwa kule makumbusho bado yanatembea, yakimpata mtoto asiyeshikwa mkono. Nikacheka. Lakini haukunitoka, na leo darasa la Mwanaheri wangu limekwenda huko. Nimejilaza mkekani, sinia la choroko ubavuni, usingizi unanichukua, mara niko mlangoni mwa makumbusho.

Ndani magari yamepangwa: mkokoteni wa maji, gari la ng'ombe, gari la farasi lenye kiti chekundu, na juu ya kiti hicho amekaa Mwanaheri, soksi moja imeshuka. Mama, ona, mimi bibi harusi! Shuka, mwanangu. Chini ya gurudumu kuna jiwe, na mimi uchafu siuwezi, naliokota nilitupe nje. Kumbe ndilo lililozuia gari. Gari hilo, linaondoka. Nakimbia nalo jiwe mkononi, ukuta umekuwa barabara, barabara inazaa barabara, huku mji na huku mji mwenzake kama kwenye kioo, na gari liko mbele tu, na soksi ile ile. Mtembeza wageni asiye na uso ananizuia. Kitendawili. Baba, mtoto wangu anapotea! Kitendawili, mama. Haya, tega. Nyumba yangu haina mlango. Sijui mimi! Basi nipe mji. Nasema Pangani, ndio uliokuja mdomoni, na kushoto kwangu mji unakunjwa kama mkeka, taa na vyote. Yai, mama, anasema, hata watoto wanajua. Kitendawili. Tega. Wawili wanafukuzana, hawashikani. Hapo najua: gurudumu la mbele na la nyuma. Mbona basi wewe unafukuza? ananiuliza. Nasimama. Kumbe barabara hizi zinazunguka. Naweka jiwe njiani, nasubiri, na gari linakuja lenyewe, linagonga jiwe, linatulia, Mwanaheri ananiangukia mapajani, ananuka jasho na maandazi.

Mama, amka, umemwaga choroko. Yuko mapajani kweli, soksi moja imeshuka. Nambusu mpaka ananisukuma. Kesho, namwambia, tumpelekee shangazi yako wa Pangani choroko hizi. Ananitazama. Pangani ndiyo wapi, mama?

Nimemuuliza Bi Mkasi dirishani. Naye anadhani natania, mji huo hajawahi kuusikia.

Wenye watoto, basi:
Usimwache mtoto apande gari la maonyesho.
Usiokote jiwe lililo chini ya gurudumu, hata liwe chafu vipi.
Usikimbize gari kwa nyuma.
Ukitegewa usichokijua, usitoe mji wenye ndugu yako.