Kamati ya Boti na Kitanda cha Puani

Octave alipokaribia kutimiza miaka hamsini, mwaka 2018, aliona keki haitoshi. Keki kila mtu anakata. Ukumbi alikwisha kuukodi alipofika arobaini; wageni wakala mbuzi sita, wakasahau kesho yake. Safari hii alitaka kitu ambacho hakuna Mkongo wa Johannesburg aliyewahi kukifanya, na hasa kitu ambacho shemeji yake wa Brussels akikiona kwenye simu atakosa usingizi. Basi akakodi boti.

Si boti la kuvukia mto. Lilikuwa katamarani, boti la tanga lenye matumbo mawili na jukwaa katikati, la kuzunguka visiwa vya kusini mwa Italia kwa siku saba. Octave hakujua kuogelea. Mke wake Brigitte alikuwa akitapika ndani ya gari kati ya Randburg na mjini, na robot zote, yaani taa za barabarani, zikiwa za kijani. Katika kundi zima, mtu pekee aliyewahi kusafiri kwenye maji ni Mama Thérèse, aliyevuka ziwa Kivu kutoka Bukavu akikimbia vita mwaka 1996, na siku ile hakuna aliyempiga picha.

Mama Thérèse alikuwa na miaka sitini na saba. Alikuwa fundi cherehani huko Doornfontein, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja na mashine mbili. Octave alimpa nafasi kwenye boti kwa sababu mbili. Kwanza, alihitaji mpishi, maana alikwisha kutangaza kwamba tumbo lake halitakula makaroni siku saba. Pili, na hii tuiseme kwa haki, mwaka ule alipofika Johannesburg na shati moja, Mama Thérèse alimshonea la pili na hakumkumbusha hata siku moja. Octave alikuwa mtu wa kelele nyingi, lakini lile shati alilikumbuka mwenyewe.

Mama Thérèse hakuwa na haja ya bahari. Haja yake ilikuwa Murielle, mwanawe wa mwisho. Murielle alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa katika kisiwa cha Lipari, na hawakuonana kwa miaka kumi na moja. Mtoto hakuweza kutoka, maana karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa. Zilikuwa zinashughulikiwa tangu alipokuwa mwembamba. Mama naye aliomba viza mara mbili akakosa mara mbili, kwa kuwa Murielle hakuwa na karatasi za kumwalika mtu. Sasa wenye boti walikuwa wanatoa barua kwa kila aliyeandikwa kwenye orodha, na Lipari ilikuwa kituo cha tatu cha safari. Jina kwenye orodha lilikuwa barua, barua ilikuwa viza, na viza ilikuwa Murielle. Mama Thérèse alipoelezwa hivyo, alikaa kwenye kiti cha wateja, akasahau chuma cha kupigia pasi juu ya suruali ya mtu.

Kwa kuwa watu wetu hawawezi hata kwenda kununua unga bila kamati, kamati iliundwa. Octave alikuwa Prezida. Brigitte alikuwa Makamu. Kaka yake Brigitte, Gustave, alikuwa Mshauri Mkuu, ingawa hakuna aliyekumbuka ushauri wake hata mmoja, na mkewe Marcelline alikuwa Mweka Hazina. Pasta Herménégilde, Mrundi mpole, alikuwa Mshauri wa Roho, na mkewe Médiatrice alishika Itifaki. Jocelyne, msusi mwenye ulimi mkali, alikuwa Katibu, na dada yake akawa Habari na Picha. Watu wanane, vyeo vinane. Mama Thérèse akabaki mwanachama wa kawaida. Yeye peke yake ndiye alikuwa umma uliokuwa ukiongozwa.

Kabla ya mtu yeyote kuuliza kama boti lina maboya, kamati ilikubaliana juu ya sare. Suti nyeupe, vifungo vya dhahabu, na mistari ya dhahabu mabegani. Gustave alipokwenda kupimwa alinong'ona, "Mama, mimi niwekee minne." Octave alikuwa ameomba mitatu. Habari zilimfikia kabla ya jioni, akapiga simu: "Mama, mimi mitano." Mama Thérèse akashona mitano, akashona minne, na ya Pasta akaishona miwili bila kuambiwa, ili asijione amesahaulika.

Kisha ikaja fomu ya orodha. Mstari wa kwanza uliandikwa: Nahodha.

"Hapa juu tumweke nani?" Jocelyne aliuliza.

Watu walimshangaa. Nahodha ni nani, walijua vizuri sana. Lakini orodha ina heshima zake. Huwezi kumwandika mtu mwingine juu ya mwenye sherehe, kana kwamba mwenye sherehe amekuja kusindikiza. Na mtu wa kuendesha boti, Gustave alieleza, atakuwepo tu, kama dereva wa basi la harusi. Nani aliwahi kuandika dereva wa basi kwenye orodha ya wageni? Ule ndio ushauri wa kwanza ambao Mshauri Mkuu alitoa, na ulipita bila kupingwa. Jocelyne akaandika kwa herufi kubwa: Nahodha, Octave. Chini yake wengine kwa vyeo vyao, na mwisho kabisa, Thérèse, kitanda cha puani.

Kitanda cha puani kilikuwa kitanda cha mtu mmoja, ndani ya pua ya tumbo moja la boti. Unaingia kwa juu, kupitia mfuniko, kama mtu anayekwenda kusafisha tangi la maji. Vyumba vinne vyenye vitanda vya wawili wawili vilikuwa vya kamati. "Mama ni mdogo wa mwili," alisema Brigitte. "Ataenea vizuri." Mama Thérèse alishukuru. Angekubali hata ndani ya sufuria.

Jumapili moja baada ya ibada, Octave aliwaita wote nyumbani kwake Randburg kwa mazoezi. Alikuwa ameleta chaki na futi ya kamba, akachora boti zima kwenye maegesho ya magari, mita kumi na mbili kwa saba, na vyumba vyake, na choo, na jiko. Kila mtu akaambiwa asimame chumbani kwake. Majirani walitoka na vikombe vyao vya chai kutazama watu wazima waliovaa nguo za kanisani, wamesimama wawili wawili ndani ya vijisanduku, wakiambiwa wasivuke kuta.

"Gustave, umekanyaga bahari!" Octave alipaza sauti.

"Nimekanyaga choo, Prezida."

"Choo hakiko huko. Huko umekwisha kufa."

Mlinzi wa geti aliona Mama Thérèse amesimama juani kule puani peke yake, akamletea kiti chake cha plastiki. Akakiweka hasa katikati ya mistari ya chaki, kwa uangalifu, kana kwamba na yeye aliliona boti.

Ndipo simu ya Jocelyne ikalia. Alisoma kimya, akasoma tena, halafu akasema, "Eish."

"Eish nini?" aliuliza Brigitte.

"Wenye boti. Wanaomba leseni ya nahodha Octave."

Octave alijinyoosha. "Waandikie kwamba mimi ni Prezida."

"Prezida, hii ni leseni ya kuendesha boti. Wanasema kama hatuna, watatupa nahodha wao. Lakini boti halichukui zaidi ya watu tisa, sheria ya bandari, na nahodha anahesabiwa." Akaishusha simu. "Na kitanda chake ni kile cha puani. Wanataka orodha mpya Jumatano."

Hakuna aliyemtazama Mama Thérèse. Walivyojitahidi kutomtazama, ilikuwa sawa na kumnyooshea vidole wote.

Mara ile mapenzi yakafurika kwenye maegesho. Brigitte alikumbuka magoti ya Mama, na jinsi upepo wa bahari usivyo na huruma kwa magoti. Marcelline aliahidi kumletea kitambaa kizuri cha Italia. Gustave alisema huko Ulaya chakula cha mkebe siku hizi si kibaya. Médiatrice, mke wa Pasta, alifungua mdomo na kusema, "Labda sisi wawili..." na Pasta, ambaye hajawahi kuchelewa kumsikia Mungu, akasema, "Tuombe." Akaomba dakika saba, akimkumbusha Mungu umuhimu wa huduma ya kiroho baharini. Aliposema amina, Médiatrice alikuwa amekwisha kuufunga mdomo, lakini alikuwa ameshika mkono wa Mama Thérèse na hakuuachia.

"Murielle yuko kisiwa cha tatu," alisema Mama Thérèse. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja kituo atakachoshukia.

Halafu akanyanyuka, akakunja kile kiti, akatoka ndani ya boti. Aliinua sketi ili asifute chaki ya watu. Akaenda kukaa kwenye ukingo wa bustani.

Jocelyne alimtazama hadi alipokaa. Alimpelekea glasi ya maji, akarudi, na aliporudi uso wake ulikuwa ule wa saluni, wakati mteja anaposema bei ni kubwa.

"Prezida, nina swali la Katibu. Sisi wote tukiondoka, hapa Johannesburg atabaki nani?"

"Abaki kufanya nini?"

"Safari kubwa ina makao makuu. Boti likipata shida, nani atapokea simu? Shemeji wa Brussels akipiga kuuliza, nani atamjibu kwa niaba ya kamati? Utamwachia mlinzi?"

Octave alikuna kidevu. Hilo la Brussels lilimwingia.

"Anahitajika mtu mzito," Jocelyne aliendelea. "Mkurugenzi wa Makao Makuu. Mtu wa ushauri."

Gustave, aliyekuwa amesimama chooni, alikohoa. "Cheo hicho... kina mistari mingapi?"

"Sita," alisema Jocelyne.

Octave alimgeukia polepole. "Sita? Mimi nina mitano. Mimi ndiye ninayezaliwa!"

"Ofisi kubwa, Prezida."

"Basi awe na mitano kama mimi."

"Kwa mitano mimi napanda boti," alisema Gustave, akakunja mikono. "Shemeji, nimekwisha kushonewa suti. Sita, au tuonane baharini."

Octave alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Mtu yeyote aliyemjua alijua kinachoumia. Huyu ni mwanamume aliyerudisha kadi za harusi ya binti yake kwa mchapaji kwa sababu jina lake liliandikwa chini ya jina la mkwe. Alitazama bega la Gustave. Alitazama bega lake. Kisha akatazama kule kwenye ukingo wa bustani, ambako Mama Thérèse alikuwa amemaliza maji na kushikilia glasi kwa mikono miwili kwa kukosa pa kuiweka.

"Mshoneeni sita," alisema, kwa sauti ya mtu anayetolewa jino. Kisha akapaza sauti, "Mama! Rudi kwenye boti. Utalala na Marcelline."

Marcelline, aliyeambiwa sasa hivi tu kwamba hatasafiri na mumewe, alifikiri kidogo kuhusu siku saba bila ile mikoromo, akasogea kumpa Mama nafasi.

Jumatatu asubuhi Gustave alifika Doornfontein na koti lake. Alisimama mbele ya kioo huku Mama Thérèse akipima mahali pa mistari miwili ya nyongeza. Bega lilikuwa limeanza kujaa kama kabati la vyombo.

"Mama," alisema, "hii miwili ishone kwa uzi wa kufumuka. Nitaivaa siku ya uwanja wa ndege tu. Ikizidi hapo, Octave atapata presha."

Mama alisimamisha sindano. "Kwa hiyo hukukitaka hicho cheo."

"Nani hataki cheo? Lakini maji nayaogopa. Beseni tu likijaa namwita Marcelline."

Mama Thérèse alikuwa karibu na kichwa cha Gustave, na nywele zake zilikuwa na unyevu na harufu ya dawa ya bwawa. Marcelline alikwisha kumnong'oneza: miezi miwili sasa, kila alfajiri, mtu mzima wa miaka hamsini na minne alikuwa akijifunza kuogelea pamoja na watoto wa darasa la pili, na juzi alivuka bwawa kutoka ukuta hadi ukuta bila kushikwa. Angeuliza kwa nini basi, lakini mtu akikupa kitu huku amekifunga kwenye uongo, si adabu kukifungua mbele yake. Alimaliza kushona, akapiga pasi koti mara mbili.

"Unapendeza, Mkurugenzi," alisema.

"Najua," alisema Gustave.

Viza zilitoka zote tisa, pamoja na ya Gustave, aliyeombewa kabla orodha haijabadilika. Hakuitumia. Alikwenda nayo uwanja wa ndege, mistari sita inang'aa, akatoa hotuba ya kuwaaga iliyochukua muda hadi mhudumu akaja kuwaita.

Baharini, siku mbili za kwanza kamati nzima ilitapika kwa kufuata vyeo, Prezida akitangulia. Mama Thérèse aliwapikia uji na kuwashikia vichwa mmoja mmoja. Siku ya tatu, nahodha, kijana wa Kisicilia asiye na mstari hata mmoja begani, alipoona bandari ya Lipari alimwita mbele, akamshika kiwiko ili asiyumbe, akamwacha asimame pale hadi boti likagusa gati.

Pale gatini alisimama mwanamke mnene kidogo, na mkoba kifuani. Mama Thérèse hakumtambua mara moja, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kisha yule mwanamke akaanza kulia kwa namna yake ya tangu utoto, bila sauti, mabega peke yake.

Nyuma yao Octave, wa kijivu kama sabuni, alikuwa ameketi sakafuni, suti imefunguka vifungo. Habari na Picha aliinua simu apige picha ya kwanza ya kupeleka Brussels.

"Weka chini," Octave alimwambia. "Waache kwanza."